Basi la Oraba Sebuleni kwa Hawah

Asubuhi ya Jumanne Hawah alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani kwake, mtaa wa Oli mjini Arua, akisuka tabaga, ile sinia ya ukili ambayo wanawake wa Kinubi hufunikia chakula. Alikuwa amefika kwenye mzunguko wa ukili mwekundu, mahali ambapo mkono ukilegea ua lote hupinda, kwa hiyo Anguyo wa ofisi ya mipango ya jiji alipopiga hodi hakuinuka. Alimwambia aingie, aangalie tu asikanyage ukili.

Anguyo alikuwa Mlugbara wa makamo, mpole, na viatu vyake vilikuwa vimeshika vumbi jekundu tangu Arua Hill. Alifuatana na wapimaji wawili. Aliketi kwenye kigoda alichopewa, akatandaza ramani juu ya magoti, akaeleza kwamba Arua sasa ni jiji, na jiji haliwezi kuendelea kuishi na barabara za mji mdogo. Watu wanaongezeka. Boda boda zimejaa, sokoni huwezi kuvuka. Malori ya kutoka mpakani Oraba yanapita katikati ya mji, mbele ya shule na hospitali, yakikata kona zilizochorwa wakati watu walikuwa wanakwenda kwa baiskeli. Kwa hiyo ofisi ilikuwa inaandaa mpango wa usafiri wa miaka mingi ijayo, na ndani ya mpango huo kulikuwa na barabara mpya kutoka Koboko, pana, yenye njia ya mabasi peke yake, ambayo ingeingia Arua kwa pembeni. Kwenye ramani ilikuwa mstari mwekundu uliochorwa kwa rula.

“Sasa mama, hii laini inapita hapa,” alisema Anguyo.

“Hapa wapi?”

“Kwa sebule yako.”

Hawah aliweka ukili chini, akaisogelea ramani. Hakujua kusoma ramani, lakini mstari ulikuwa wazi.

“Inatoka Koboko?”

“Inatoka Oraba kabisa. Inapita Koboko, Maracha, Manibe, halafu inaingia hapa.”

“Haizunguki popote?”

“Haizunguki.”

Anguyo alimwambia asiogope. Huu ulikuwa mchoro wa kwanza, kungekuwa na mikutano, kila mtu angesikilizwa. Wapimaji waliingia ndani wakapigilia kigingi cha chuma kwenye sakafu, kati ya viti na kabati la vyombo, wakakipaka rangi nyekundu kichwani. Saruji ilimomonyoka kidogo. Hawah aliwaambia wafagie, wakafagia, wakaenda zao.

Alasiri ya siku hiyo, Hawah alipokuwa anakunja mswala, basi liliingia sebuleni. Lilitokea upande wa kabati, likapunguza mwendo, likasimama penye kigingi. Lilikuwa basi la zamani la rangi ya maziwa, lenye mstari wa kijani ubavuni na mizigo iliyofungwa juu kwa kamba. Sebule ya Hawah haikuwa kubwa, lakini basi lilitosha. Viti vilibaki mahali pake na hakuna kikombe kilichovunjika. Pazia lilipepea tu, na vumbi likaelekea kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Hawah akaufunika.

Dereva alikuwa Zubeiri, mume wake. Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi ambalo Hawah alilipiga pasi asubuhi moja ya Oktoba mwaka 1980, na mikunjo ya pasi ilikuwa bado inaonekana. Alizima injini, akatoa kichwa dirishani.

“Hawah. Hii barabara iko muzuri. Nani alinyoosha?”

“Jiji.”

“Jiji gani?”

“Arua.”

“Arua iko jiji?”

“Siku hizi.”

Zubeiri alitikisa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba jana mvua ilinyesha upande wa pili wa mji. Kisha akamtazama vizuri.

“Umechoka.”

“Nimezeeka.”

“Eh,” alisema. “Pole.”

Hawah alikwenda jikoni akachemsha chai yenye tangawizi nyingi, kama alivyoipenda. Latifu, taniboi wa basi, yaani utingo, aliteremka kukagua matairi, na abiria wachache wakashuka kunyoosha miguu uani. Wanaume walikuwa na suruali pana chini na nywele zilizochanwa zikasimama. Wanawake walikuwa na masanduku ya bati na watoto waliolala. Msichana mmoja mwenye redio begani aliomba maji. Zubeiri alikunywa chai yake akiwa ameketi kwenye usukani, akarudisha kikombe, akasema gari limejaa leo, kwa kweli hakuna hata pa kusimama, lakini angerudi kumchukua safari ya pili. Akawasha injini. Basi likatoka kupitia ukuta wa upande wa soko, na Hawah akaosha kikombe.

Mwaka ule wa 1980, vita vilipokaribia Arua, watu wa Oli walijua kwamba wangelipizwa kisasi kwa makosa ya serikali iliyokuwa imeanguka, kwa sababu ya dini yao, na majina yao, na babu zao waliokuja huku wakiwa askari kutoka Sudani. Kila mmoja alitafuta mpaka uliokuwa karibu naye. Zubeiri alipakia majirani kwenye basi alilokuwa akiliendesha kila siku kwenda Koboko, ili awafikishe Oraba wavuke mpaka kwenda Kaya, upande wa Sudani. Hawah alikuwa na mimba kubwa. Basi lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na Zubeiri hakutaka asukumwe-sukumwe, kwa hiyo alimwambia abaki na mama yake angoje safari ya pili. Walingoja hadi jua likazama. Kisha wakatembea kwa miguu hadi Aru, upande wa Kongo, na huko ndiko binti yao Jamilah alizaliwa. Waliporudi baada ya miaka, nyumba ilikuwa kuta tupu zilizoota majani. Hawah aliijenga tena kidogo kidogo, bati baada ya bati.

Watu wa Kaya walisema hawakuliona basi. Watu wa Koboko walisema halikupita. Hakuna ofisi iliyouliza lilikwenda wapi, na baadaye hata watu wa Oli waliacha kuulizana.

Sasa lilikuwa linapita kila alasiri. Siku za kwanza jirani wa nyumba iliyofuata alilalamika kuhusu moshi kwenye nguo zilizoanikwa, akahamisha kamba. Siraji, mwenyekiti wa mtaa, alikuja kumwambia Zubeiri kwamba mabasi yana kituo chake na hayaruhusiwi kushusha abiria majumbani. Zubeiri akamjibu kwamba yeye anafuata barabara ilipo. Siraji aliangalia kigingi, akaona ni kweli, akapokea kikombe cha chai.

Kisha watu walianza kuja. Soro, fundi seremala, alikuja kumsalimia dada yake mkubwa Keji, yule msichana mwenye redio. Soro alikuwa amebakiza meno machache na Keji alikuwa hajamaliza masomo yake ya uuguzi. Alimkemea kwa kutokufunga vifungo vya shati, na Soro akavifunga. Wazee walikuja na viti vyao, wakakaa ukutani wakingoja basi kama walivyokuwa wakingoja zamani karibu na soko. Walisema redio ya Keji ilikuwa na sauti nzuri kuliko simu za siku hizi. Walivuta pumzi abiria waliposhuka, kwa sababu walinukia sabuni ambayo haiuzwi tena na mafuta ya nywele ya makopo madogo ya njano. Walizungumza juu ya Arua ile ambayo ungeweza kuitembea yote ukiwa na mtoto mgongoni, ukasalimia kila nyumba kwa jina, ukafika kwako kabla mtoto hajaamka. Hakuna aliyesema ilikuwa bora. Walisema tu kwamba ilikuwa ndogo, na kwamba walikuwepo.

Jamilah alikuja Ijumaa. Aliishi Koboko na alifanya kazi Oraba, akiwashughulikia madereva wa malori karatasi za forodha, na hakuweza kuondoka katikati ya wiki. Mama yake alikuwa amemwambia kwenye simu kwamba baba yake anapita kila siku, naye akauliza anapita saa ngapi.

Basi lilipoingia, Jamilah alikuwa amesimama karibu na kabati, miwani yake ya kusomea imening'inia shingoni. Zubeiri alimwona mwanamke mzima mwenye mvi za kwanza, akamwinamia kidogo kwa heshima.

“Salaam aleikum, mama. Karibu. Nafasi ni shida lakini Latifu atasogeza watu.”

“Aleikum salaam,” alisema Jamilah. “Mimi sisafiri.”

“Zubeiri,” alisema Hawah kutoka mlango wa jikoni. “Huyu ndiye uliniacha naye tumboni.”

Zubeiri alishuka kwenye kiti chake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Jumanne. Alipangusa mikono kwa kitambaa cha oili alichokitoa mfukoni, mbele na nyuma, muda mrefu. Alikuwa kijana ambaye ndevu zilikuwa hazijajaa mashavuni.

“Jina yako nani?”

“Jamilah.”

“Jina ya mama yangu.”

“Ndiyo. Mama alisema hilo ndilo ungetaka.”

“Ndiyo,” alisema Zubeiri. “Hiyo ndiyo nilitaka.” Alimpa mikono miwili, kama anavyosalimiwa mtu mkubwa, kisha wote wawili wakaona ilivyokuwa, wakacheka. “Umekula?” aliuliza Zubeiri.

“Nimekula, baba.”

Alipolisikia neno hilo alitazama pembeni, akagonga tairi la mbele kwa kiatu, kana kwamba limepungua upepo.

Jamilah alikuwa mtu wa mpakani, na kazi yake ilikuwa kujua gari gani limekwama wapi. Alimwuliza basi linafika Oraba saa ngapi.

“Bado hatujafika,” alisema Zubeiri.

“Hata siku moja?”

“Tunapita Manibe, tunapita Maracha. Kabla ya Koboko kuna daraja ndogo. Pale wamelaza mti kwa barabara. Watu wenye bunduki wanasimama. Mmoja anakuja kwa dirisha, anasema shuka. Halafu niko hapa tena, gari imejaa, naenda Oraba.” Alifikiri. “Ni ile mti inatuchelewesha.”

Abiria walianza kurudi ndani. Keji alikuwa anatafuta stesheni. Hawah alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi, akamsikiliza mume wake akieleza kifo chake kama anayeeleza barabara mbovu, na kila neno aliloogopa kulisikia miaka yote hiyo likaingia sebuleni likakaa.

Siku iliyofuata alivaa nguo yake ya Idi, akajifunga ushungi mweupe, akapanda basi. Zubeiri alisema hakuna nafasi. Hawah akasema atakaa popote, na Keji akampakata mtoto wa abiria wa kando yake ili Hawah apate kuketi nyuma ya dereva, mahali alipokuwa akikaa zamani walipokuwa wachumba.

Basi lilivuka mto Enyau na mji ukaisha ghafla, kwa sababu zamani uliishia pale. Barabara ilinyooka kama mstari wa Anguyo, lakini ilikuwa ya vumbi, na pembeni yake kulikuwa na vibanda vya kukaushia tumbaku vikitoa moshi, na wanawake wenye mihogo ya kuchoma waliokimbia sambamba na madirisha. Zubeiri alipiga mluzi kwenye mteremko wa Manibe. Alikuwa akipiga mluzi hapo siku zote, kumtania Latifu ambaye aliogopa breki. Hawah alikuwa amesahau mluzi ule. Alikuwa amekumbuka sauti yake, kucha zake, namna alivyokunja soksi, lakini mluzi ulikuwa umempotea kabisa, na sasa aliusikia. Alifumba macho hadi mteremko ukaisha.

Mti ulikuwepo. Vijana wenye bunduki walikuwa watano au sita, wamechoka, mmoja akitafuna muwa. Waliwashusha watu bila kelele nyingi. Yule wa muwa alipofika kwa Hawah alisita.

“Mama, wewe unatoka wapi?”

“Oli.”

“Wewe haukukuwa kwa hii gari.”

“Hapana. Niliambiwa ningoje.”

“Basi shuka hapa, ungoje.”

Hawah akashuka. Waliwapeleka abiria chini ya daraja, upande wa kushoto, mahali ambapo bonde lilikuwa na miti. Zubeiri alikuwa wa mwisho kwa sababu alirudi kuvuta breki ya mkono, gari lisije likateleza likaumiza mtu. Hawah alisikia kilichofuata. Kisha lori la simenti likampigia honi, akajikuta amesimama juu ya lami, na upande wa kushoto wa daraja ulikuwa majani matupu na mbuzi wawili. Alisimamisha boda boda akaenda kulala kwa Jamilah, Koboko.

Alasiri iliyofuata alikuwa amerudi nyumbani, na basi likapita kama kawaida.

“Jana ulishuka wapi?” aliuliza Zubeiri. “Niliangalia kwa kioo sikukuona.”

“Kwa daraja.”

“Eh. Ile mti.”

Jumatatu Hawah na Jamilah walipanda Arua Hill hadi ofisi ya Anguyo, katika nyumba ya zamani yenye veranda pana. Anguyo aliwasikiliza hadi mwisho. Habari za basi alikuwa nazo. Mstari ulikuwa wake na alikuwa amekwisha kwenda kuliangalia, akiwa amesimama mlangoni na wazee. Habari za bonde hakuwa nazo. Alienda na Jamilah siku hiyo hiyo kwa gari la ofisi, wakashuka kwenye daraja. Alitembea kwenye majani upande wa kushoto kwa muda, akiangalia anapokanyaga. Alipanda tena barabarani akiwa amevua kofia.

“Babu yangu alisema kulikuwa na kitu hapa,” alisema. “Lakini hakusema kitu gani.”

Aliomba bonde lichimbwe na watu wanaojua kuchimba, kabla ya mashine yoyote ya barabara kufika, na mifupa itakayopatikana irudishwe Oli. Wakubwa wake walimjibu kwa upole kwamba mpango wa usafiri unaangalia mbele. Walimwelekeza kwa polisi. Polisi wakasema ni jambo la wilaya. Wilaya wakasema ni jambo la ardhi, na ofisi ya ardhi wakauliza kama kuna mtu anayedai kiwanja hicho. Jamilah, ambaye alizunguka ofisi hizo zote pamoja naye, alisema yeye anadai baba yake. Karani aliuliza kama baba huyo ana hati.

Mkutano wa wananchi ulifanyika uani kwa Hawah, kwa kuwa palikuwa na kivuli na kila mtu alipajua. Mtaalamu wa mipango alitoka Kampala, mwanamke aitwaye Suzan, akabandika ramani kwenye ukuta wa jiko. Alieleza vizuri, bila kiburi. Alisema baada ya miaka ishirini Arua itakuwa na watu mara mbili ya hawa, na kwamba barabara ambayo haijachorwa leo haitapata pa kupita kesho. Alikuwa katikati ya maneno hayo basi lilipopenya ukuta wa sebule likaingia uani. Watu waliinua miguu. Suzan alimwomba dereva azime injini kwanza amalize hoja yake, na Zubeiri akazima.

“Hii ni huduma ya serikali au ya mtu binafsi?” aliuliza Suzan.

“Mimi naendesha tu,” alisema Zubeiri.

Siraji akasimama. Alisema watu wa Oli walikwisha kukimbia mara moja, wakarudi wakakuta kuta, wakajenga. Wengine walijenga mara mbili. Hawataki kubomolewa kwa ajili ya malori. Alikuwa na karatasi yenye majina ya kaya zilizoipinga barabara, kaya zote za mtaa isipokuwa moja.

“Mama Hawah,” alisema, “wewe unataka sisi tubomolewe kwa sababu ya bwana yako?”

“Ndiyo,” alisema Hawah.

Keji alikuwa amepunguza redio.

“Nyumba yangu iwe ya kwanza,” alisema Hawah. “Niliijenga mimi, sina wa kumwuliza. Yeye akipita hapa kila siku, mimi nitakaa hata chini ya turubai.”

Macho yalimgeukia Soro, ambaye naye alikuwa na mtu ndani ya basi. Soro alimtazama dada yake dirishani. Karakana yake ilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye mstari ule ule, na ndani yake kulikuwa na vitanda vya maharusi watatu na wanawe wawili waliojifunza randa.

“Mimi nimeshamsalimia,” alisema polepole. “Keji, nimeshakusalimia vizuri. Si ndiyo?”

“Ndiyo,” alisema Keji. “Funga vifungo.”

Soro akaketi, akalia kidogo, na hakuna aliyemlaumu. Suzan alisubiri, kisha akasema maoni yote yamepokelewa. Zubeiri akawasha injini kwa sababu alikuwa anachelewa.

Mstari ulihamishwa. Anguyo alikuja mwenyewe kumwambia Hawah, hakutuma mtu. Barabara ingepita ng'ambo ya Enyau, kwenye mashamba ya mahindi, ambako nyumba zilikuwa chache. Watu walisema pia kwamba mashamba yale yalikuwa yamekwisha kununuliwa na waheshimiwa fulani, miezi mingi kabla ya mkutano. Anguyo alisema hayo hakuyajua, na sura yake ilionyesha kwamba sasa anayajua. Wapimaji wangekuja kesho yake jioni kung'oa kigingi.

“Na bonde?” aliuliza Hawah.

“Bado naandika, mama.”

“Andika.”

Alasiri ya mwisho wazee hawakuja. Siraji aliwaambia wamwachie mama nafasi. Hawah alikuwa amepika chai na maandazi, na Zubeiri kwa mara nyingine alishuka kwenye kiti chake, akakaa juu ya kiti cha sebuleni, kando yake, miguu yake mirefu ikigusa meza. Alitazama picha ukutani, bati za darini, pazia. Alisema Hawah amejenga vizuri. Alisema zamani dirisha lilikuwa upande ule. Hawah akasema ndiyo, alilihamisha kwa sababu ya mvua.

“Nilingoja,” alisema Hawah.

“Najua.”

“Siku ile yote nilingoja. Mama alikuwa ananivuta mkono nami nakataa.”

“Najua, Hawah. Na mimi nilikuwa nakuja.”

Alimshika mkono. Mkono wake ulikuwa laini na wa moto kwa sababu ya usukani, na wake Hawah ulikuwa mgumu kwa ukili, na walikaa hivyo hadi Latifu alipogonga bati la basi kwa kiganja. Zubeiri alipanda. Hakutaja safari ya pili. Alirudisha gari nyuma kidogo ili asikwaruze kabati, ingawa lisingekwaruza, akatoka.

Jioni wapimaji waling'oa kigingi, wakaziba tundu kwa saruji, wakafagia bila kuambiwa.

Mpango ulipitishwa mwaka huo, ukachapishwa kwa karatasi nzuri, na picha ya jua juu ya jalada. Oli haikubomolewa. Ng'ambo ya Enyau walikata mahindi wakasawazisha ardhi, na basi la rangi ya maziwa sasa linapita huko, kati ya magreda, alasiri. Madereva wa magreda huliachia njia. Bonde la kushoto mwa daraja limepangwa kuwa kituo cha kupimia uzito wa malori. Wameshajaza changarawe na kumwaga zege, na Anguyo, ambaye alihamishiwa kitengo cha maegesho ya boda boda, bado anaandika.

Magoti ya Hawah hayamwezeshi kufika ng'ambo, na kule mtoni pikipiki hazishuki. Kwa hiyo anakwenda Jamilah. Kila Ijumaa hutoka Oraba mapema, hupita kwa mama yake, huteremka kwa miguu hadi mtoni, na basi husimama kumchukua. Watu husogea. Hukaa nyuma ya dereva, akamwambia baba yake habari za nyumbani: kwamba mama amemaliza tabaga ya harusi ya mjukuu wa Soro, kwamba mvua imechelewa, kwamba anasalimia. Zubeiri naye humpa za kurudisha. Kuna siku alimtuma aulize soksi zake za kahawia ziliwekwa wapi, na Jamilah alirudi Ijumaa iliyofuata na jibu. Hakuwahi kuishi na wote wawili chini ya bati moja, na hii ndiyo namna waliyoipata.

Mwaka huu ametimiza arobaini na mitano. Wakati mwingine abiria wasiomjua humdhania mama wa dereva, naye hawasahihishi.

Kwenye mteremko Zubeiri hupiga mluzi, Latifu hushika chuma, na wote hucheka. Chini ya mteremko basi husimama. Jamilah anaweza kuendelea. Nyumba yake iko Koboko na barabara ni hiyo hiyo. Lakini baba yake alimkataza mara moja tu, bila kueleza, na yeye hakuuliza.

“Manibe,” huita Latifu. “Manibe wanashuka.”

Jamilah hushuka peke yake. Husimama kando ya barabara mpya, mkoba chini ya kwapa, akalitazama basi likiingia gia ya pili, kisha ya tatu, likielekea Koboko.